Shuka Nane za Wodi Sita

Wapo watu wanaojua siri za wenzao kwa kusikiliza milangoni, na wapo wanaozijua kwa kufua nguo zao. Mama Shuka alikuwa wa kundi la pili. Habari hii ilipoanza alikuwa amefua kwa miaka kumi na tisa shuka za hospitali kubwa, kwenye jengo la bati nyuma ya jiko, na kwa muda wote huo aliamini kwamba daktari anaweza kudanganywa na nesi anaweza kudanganywa, lakini dobi hadanganyiki. Alikunjua shuka ya mzazi akajua mtoto alikuja kwa taabu au kwa wepesi. Wodi ya watoto aliijua kwa uji uliogandia, ya upasuaji kwa damu iliyogeuka rangi ya kutu, ya wazee kwa ile harufu ambayo sabuni huitisha lakini haiifukuzi. Jina la Mama Shuka alipewa mtaani kwa utani, naye akalivaa kama cheo.

Wodi Sita nayo aliijua, au tuseme alidhani anaijua, na huko kudhani ndiko kulikoleta yote tutakayosimulia hapa. Wodi Sita ilikuwa ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa na ukuta wake, geti lake, na kwa nyuma kidirisha ambacho furushi la nguo chafu lilisukumwa nje kila Jumatatu na Alhamisi. Mama Shuka hakuwahi kukanyaga ndani hata mara moja. Dobi ana njia zake hospitalini, na zote ni za nyuma.

Lakini furushi alilifungua kwa mikono yake mwenyewe. Shuka za Wodi Sita zilikuja zimechanwa kwa urefu, zimesokotwa, zimepigwa mafundo magumu ambayo ilibidi ayalegeze kwa ncha ya uma kabla ya kuzitia mashineni. Nyingine zilikuwa na alama za meno. Nyingine zilipakwa vitu ambavyo mtu mzima hapaki popote akiwa na akili zake. Na kulikuwa na jambo moja lililomkera zaidi ya hayo yote. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini, kila mtu alijua, lakini furushi likihesabiwa halikuzidi shuka nane.

"Hao wengine wanalalia nini?" alimuuliza Mzee Pasi siku moja. Mzee Pasi ndiye aliyenyoosha nguo, mkavu, mrefu, mwenye majibu ya maswali yote, hasa yale asiyoyajua.

"Wanalalia magodoro matupu," Mzee Pasi alijibu bila kuinua pasi. "Mwendawazimu wa nini kumtandikia? Wewe umeshaona hata mmoja akitoka mle mzima?"

"Sijaona."

"Basi umeshajijibu."

Ni kweli hakuona, na Mzee Pasi naye hakuona. Waliopona walitokea geti la mbele, na geti la mbele halionekani kutoka kwenye jengo la kufulia. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Walisahau kuongeza kwamba watu wawili wakiwa gizani pamoja, haichukui muda wataanza kuonyeshana njia.

Sasa, Mama Shuka alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti, na huyo mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza. Alikuwa na sauti ndogo, na watoto sitini walinyamaza wenyewe ili waisikie. Akitoka shuleni walimfuata wamemshika vidole, kila mmoja na kidole chake, na waliokosa vidole walishika mkoba. Mama yake hakuchoka kusema kwamba yeye anafua uchafu wa watu ili mwanawe ashike chaki. Aliwachosha watu kwa maneno hayo, lakini nani atamnyima maskini kitu kimoja cha kujivunia.

Mwalimu alikuwa na miaka ishirini na minne maradhi yalipoanza. Kwanza alikosa usingizi. Kisha akaanza kufundisha akiwa ameelekea ubaoni kipindi kizima, kwa sababu, alisema, watoto wa madawati ya nyuma wanasikia anachowaza kabla hajakitamka. Nyumbani alifunika kioo kwa taulo. Akipewa maji aliyanusa kwanza, akamtazama mama yake usoni.

"Umeniwekea nini humu?"

"Maji tu, mwanangu."

"Wao wanasema si maji tu."

"Wao akina nani?"

Mwalimu akamwaga maji dirishani.

Wiki ya tatu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, akaketi ukingoni mwa kiti. "Mama, nitasema wazi, unisamehe," akasema. "Mtoto anaumwa. Dada yangu alianza hivi hivi, tukamwahisha, leo ana duka lake na watoto watatu. Mpeleke hospitali wiki hii hii. Darasa lake namshikia mpaka muhula ujao. Na wewe una bahati, unafanya kazi pale pale."

"Nitampeleka," alisema Mama Shuka, na siku hiyo alisema kweli.

Tusimame hapo kidogo, maana hapo ndipo pa kusimama. Hospitali ilikuwa dakika ishirini na tano kwa miguu. Mama alikuwa na kitambulisho cha mfanyakazi shingoni. Kazi ya binti ilikuwa imeshikwa. Ugonjwa ulikuwa na wiki tatu. Wapo watu wanaosafiri siku mbili na mgonjwa wao ili wafike mahali ambapo Mama Shuka alifika kila asubuhi akiburuza ndala. Alichotakiwa kufanya ni kumshika mtoto mkono wakatembea pamoja.

Lakini siku iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Furushi la Wodi Sita lilikuja, na ndani yake mlikuwa na shuka iliyosokotwa kamba, na kwenye fundo la kamba hiyo zilinasa nywele ndefu za mwanamke. Mama Shuka alifungua fundo lile kwa uma kwa robo saa nzima. Kila unywele alioutoa aliuona kama wa binti yake. Alipomaliza alinawa mikono, na alipoikausha alikuwa ameshakata shauri. Mwanangu haji huku, alisema moyoni. Mle wanawafunga, wanawalaza juu ya magodoro matupu, na hakuna anayetoka. Kuliko mwanangu afungwe na mtu baki, heri akae kwangu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la juu. Mama Shuka alinunua komeo akalipigilia mlangoni kwa nje. Mwanzoni alilitia akienda kazini tu. Kisha Mwalimu akapasua dirisha kwa kisigino cha kiatu, akaanza kuongea na njia nzima, na mama yake akaona komeo peke yake halitoshi.

Hospitalini zilikuwepo shuka zilizokataliwa, zilizochakaa mno, za kukatwa matambara ya kupigia deki. Akaleta mbili. Akazichana kwa urefu, akazisokota, akamfunga binti yake kifundo cha mguu kwenye chaga ya kitanda. Alichagua hizo kwa huruma, kwa sababu ni laini, zimefuliwa mara elfu, hazichubui. Wala hakujiuliza mikono yake imejifunza wapi lile fundo. Alilia akifunga, na machozi yalikuwa ya kweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini uchungu peke yake haujawahi kumtibu mtu.

Majirani aliwaambia Mwalimu amepata shule mbali, anaishi kwa shangazi yake. Waganga hakuita wala waombaji hakuita, si kwa kutowaamini, ila wote hao wana midomo. Mwalimu mkuu alipokuja tena aliambiwa habari ya shangazi, akamtazama Mama Shuka kwa muda juu ya miwani, akasema "Haya," na muhula ulipoanza darasa la kwanza likapata mtu mwingine.

Upande wa pili wa ukuta wa kile chumba aliishi Mama Pacha. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, na mtu akikohoa huku, kule wanampa pole. Mama Pacha alisikia vizuri. Alisikia kugonga, alisikia kuimba, alisikia mtu akifundisha hesabu saa saba mchana na kuwaambia watoto wasiokuwepo warudie wote kwa pamoja. Wiki ya kwanza alitega sikio. Wiki ya pili alisogeza redio yake ukutani akaongeza sauti. Alikuwa na pacha wa kulea na mume mkali, na jambo la mwenzio ukilijua rasmi linakuwa lako. Akikutana na Mama Shuka bombani alimuuliza, "Mwalimu hajambo huko?" na Mama Shuka akajibu, "Hajambo, anawasalimu." Walifanya hivyo miaka minne na miezi saba, nao wote wawili walisali.

Na redio ile, asubuhi hadi jioni, ilimwingia Mwalimu kichwani ikaungana na waliokuwa humo. Wasoma habari walimtaja. Watangaza biashara walimcheka. Alipiga ukuta kwa ngumi ili wanyamaze, na kila alipopiga, Mama Pacha aliongeza sauti.

Mwaka wa pili lilitokea jambo ambalo Mama Shuka hakumwambia mtu yeyote. Alirudi kutoka kazini akamkuta Mwalimu ameketi kitandani, ametulia, macho yamekaa mahali pake. Siku za namna hiyo zilikuwa zinakuja, moja kwa mwezi, baadaye moja kwa miezi.

"Mama," alisema binti, kwa ile sauti yake ndogo ya zamani. "Kichwa changu kinaumwa. Si kuuma kwa kawaida. Kimeingiwa na watu. Wewe si uko hospitali? Nipeleke wanitazame."

Mama Shuka aliketi kando yake. "Nitakupeleka, mwanangu."

"Lini?"

"Upate nguvu kwanza."

Kesho yake alimletea vidonge viwili vya maumivu ya kichwa. Mwalimu alivitazama kiganjani muda mrefu. "Asante," akasema, akavimeza, na hakuomba tena. Mama alitoka akaenda chooni, akalia akiwa ameziba mdomo na aproni ya kazini. Tumpe haki yake, alilia sana. Kisha akanawa uso akaenda kupika.

Miaka ikapita namna hiyo. Asubuhi ndoo na uji, komeo, kazini. Jioni komeo, ndoo na chakula. Siku zile nzuri zikaja kwa nadra, kisha zikaacha kabisa. Nywele za Mwalimu zilikatika, kucha zikapinda, maneno yakapungua hata ule ukali wake ukaisha, akabaki mtu aliyekaa anatazama kona. Mama yake alisema moyoni kwamba ametulia. Alisema hata kwamba anaendelea vizuri. Na kila Jumatatu na Alhamisi furushi lilipofika, shuka nane zenye mafundo, alishukuru kwamba mwanawe hayumo.

Mwaka wa tano kifundo cha mguu kilichimbika. Kitambaa laini kikilowa na kukauka kila siku kinakata kuliko waya. Mama Shuka alikiosha kwa maji ya chumvi, akakihamishia kitambaa mguu wa pili, lakini jeraha halikusikia. Asubuhi moja alifungua mlango akakutana na harufu, na harufu hiyo aliijua. Ilikuwa ya shuka za upasuaji, zile za watu wanaoingia na miguu miwili wakatoka na mmoja. Alisimama mlangoni ameshika bakuli la uji. Pua yake ya miaka ishirini na minne ya udobi haikumwachia nafasi ya kujidanganya.

Alingoja Jumapili, siku ambayo kufulia kunafungwa, ili asionekane na wenzake. Alfajiri, mtaa ukiwa umelala, alimfunga binti kitambaa kichwani akamwegemeza begani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi akaingia hospitali kwa mlango wa mbele. Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho yamewiva kwa kukesha. Alitazama mguu. "Umefanywa na nini?"

"Waya wa uzio, dokta."

Alisafisha, akachoma sindano, akasema mguu utapona, kidogo tu wangechelewa. Mwalimu muda wote huo aliongea na taa ya darini, polepole, akiijibu. Daktari aliweka mkasi chini.

"Na hali hii? Imeanza lini?"

Hapo Mama Shuka alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini alimwona kijana yule ameshika kalamu, akajua jibu litaandikwa, na likiandikwa litasomwa, na swali litakalofuata ni miaka yote hiyo mlikuwa wapi, mama, na wewe ni mfanyakazi wa hapa hapa.

"Miezi mitatu," alisema.

Daktari akaandika kwenye kadi: miezi mitatu. Uso wake uliochoka ukachangamka kidogo. "Mmewahi," akasema. "Wengi wanatuletea baada ya miaka, tunabaki kuokoteza. Huyu akianza dawa sasa ana nafasi kubwa ya kurudi kama alivyokuwa. Hongera, mama."

"Asante, dokta," alisema Mama Shuka, na hongera ile akaipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu alilazwa Wodi Sita, na majirani wakaambiwa ameugulia akili huko kwa shangazi yake. Wiki ya kwanza mama hakwenda kumwona, alisema moyoni hataweza kuyaona. Alhamisi furushi lilipofika alilifungua taratibu, shuka moja moja, akiitafuta ya mwanawe, na alipokosa cha kuitambulisha alizifua zote kwa mkono.

Wiki ya pili akajikaza akaenda, saa za kuona wagonjwa, kwa geti la mbele. Aliingia uani akasimama. Ua ulikuwa mpana, umefagiwa. Wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye makaro ya saruji, mikono imekunjwa hadi viwikoni, wanafua. Wengine walikuwa wanaanika. Kamba sita za shuka nyeupe zilikuwa zinapepea juani, nzima, hazina mafundo. Mmoja alimrushia mwenzake povu, wakachekana.

Nesi mkuu wa wodi, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alimfuata. "Wewe si ndiye mama wa kule kufulia? Karibu. Miaka yote hujawahi kututembelea."

"Hawa ni wafanyakazi?" Mama Shuka aliuliza.

"Hawa? Hawa wagonjwa. Mtu akianza kupata nafuu anafua shuka yake mwenyewe, ndiyo kanuni ya wodi. Inamrudisha kwenye maisha ya kawaida. Zinazokuja kwenu ni za chumba cha wapya tu, wale ambao dawa haijawakolea."

"Wanakaa humo muda gani? Hao wapya?"

"Wiki. Siku kumi. Mara chache sana mwezi." Nesi alicheka. "Ulidhani sisi wote hapa tunalalia shuka nane?"

Mama Shuka alikuwa anahesabu. Kazi ya dobi nusu yake ni kuhesabu. Vitanda arobaini, toa nane. Wale thelathini na wawili aliowalilia miaka yote kwamba wanalala juu ya magodoro matupu walikuwa hapa uani, wanarushiana povu. Alichokikimbia kilikuwa cha siku kumi. Mahali pake alimpa mwanawe miaka minne na miezi saba. Aliketi kwenye ukingo wa karo, na mgonjwa mmoja, akimwona amepauka, akamletea maji ya kunywa.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila unaweza kusema ni nani aliyeyamwaga. Nesi alikuwa mbele yake. Angemwambia pale pale, kadi ingesahihishwa kwa kalamu mojawapo kati ya zile tatu. Hakusema.

Dawa zilifanya kazi, kwa kiasi chake. Mwezi wa pili Mwalimu alimtambua mama yake. Wa tatu aliingia kwenye makaro, akafua. Watu wa kichwani, alieleza, hawajaondoka lakini wamehamia mbali, wanaongea kama walio nyumba ya tatu, anaweza kuwaacha waongee. Hata hivyo mambo mengine hayakurudi. Alichoka haraka. Alianza sentensi akaiacha katikati, akaitazama. Walimpa watoto watatu wa wafanyakazi awasomee hadithi, na kabla ukurasa haujaisha alikuwa amepotea mahali, watoto wakaenda zao kucheza.

"Mimi nashangaa," nesi alimwambia Mama Shuka, kadi mkononi. "Kwa ugonjwa wa miezi mitatu nilitegemea arudi zaidi ya hapa. Halafu kuna jambo anasema. Anasema alifungwa chumbani, miaka."

Mama Shuka aliunganisha vidole vyake vilivyobabuka kwa sabuni. "Alisema pia maji yangu yana sumu," akajibu.

Nesi alitikisa kichwa. Habari ya maji yenye sumu alikuwa ameisikia mara nyingi, kwa wagonjwa wengi, na mama aliye mbele yake alikuwa mfanyakazi mwenzake, mtu mzima, mwenye heshima zake. Akaandika mstari mmoja kwenye kadi.

Siku ya kuruhusiwa aliwaketisha wote wawili ofisini kwake. "Mwalimu, sikiliza," alisema, kwa upole kabisa. "Dawa usiache hata siku moja. La pili, ugonjwa huu unaacha kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea, na ukiyakumbuka yatakuwa ya kweli kabisa kwako. Usibishane nayo peke yako. Ukiona jambo wenzako hawalioni, au unakumbuka jambo wenzako wanalikana, muulize mama. Yeye alikuwepo. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, ujue ni ugonjwa, uje hapa tuangalie dozi."

"Nimuulize mama," Mwalimu alirudia, kama anavyorudia mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapo ndipo pa kushika. Huna mwingine."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama Shuka alikuwa ameng'oa komeo na kupaka mlango rangi. Mwalimu alisimama mbele ya kile chumba kitambo, akaingia, akaketi kitandani. Hakusema kitu, na mama yake akamshukuru Mungu kwa hilo.

Kesho yake asubuhi walikwenda bombani, kila mmoja na ndoo yake. Palikuwa na wanawake watano kwenye foleni, na Mama Pacha alikuwa mbele, ndoo yake inajaa. Walimpokea Mwalimu kwa shangwe, wakamshika mikono, wakampapasa mabega.

"Kumbe Mwalimu umerudi," alisema Mama Pacha. "Lakini huko kwa shangazi wamekukondesha, mwanangu."

"Sikuwa kwa shangazi," alisema Mwalimu.

Alisema kwa sauti ile ndogo, bila hasira, anapanga maneno yake taratibu yasimtoroke. "Nilikuwa hapa. Chumba cha nyuma, upande wa pili wa ukuta wako. Redio yako nilikuwa naisikia. Nilikuwa nagonga na wewe ulikuwa unaongeza sauti. Nilikuwa nimefungwa mguu."

Maji yalianza kufurika kwenye ndoo ya Mama Pacha, na Mama Pacha aliyatazama yakimwagika kana kwamba hajawahi kuona maji. Kisha akafunga bomba. Akamwangalia Mama Shuka, jicho kwa jicho, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuelewana vizuri kuliko dakika ile.

"Pole, mwanangu," Mama Pacha alisema. "Ugonjwa huo unamletea mtu picha. Na shemeji yangu ulimwanza hivyo hivyo."

Wanawake wengine waliguna kwa huruma. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Uso wake haukuwa wa mtu anayebishana, ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Akamgeukia mama yake.

"Mama," akasema, "nesi amesema nikuulize wewe. Nilikuwa mle ndani, au sikuwa?"

Mama Shuka alijua anachoulizwa. Haikuwa habari ya chumba. Mtoto alikuwa anauliza kama kichwa alicho nacho sasa, hicho kidogo kilichookotezwa kwa dawa, anaweza kukitegemea. Ndiyo moja ingemtosha. Ingemtosha maisha. Na mbele yake walikuwa wamesimama wanawake watano wenye ndoo, watu wa kuonana nao kila asubuhi mpaka kufa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ulikuwa kwa shangazi yako."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, taratibu. Machozi yalimlengalenga lakini hakulia.

"Kumbe bado naumwa," akasema. Akaiinua ndoo yake tupu akaanza kurudi nyumbani peke yake.

"Mungu atamsaidia," alisema Mama Pacha, akijitwika maji yake.

"Amina," alisema Mama Shuka, na kwa kuwa wale wengine walimpisha kwa kumwonea huruma, akasogeza ndoo yake chini ya bomba.